Kliniki ya Saratani ya KCMC, Moshi: Ushauri Kuhusu Tibakemikali Baada ya Upasuaji wa Titi

Nilimsindikiza dada yangu KCMC baada ya kuondolewa titi kutokana na saratani iliyogunduliwa mapema, na ninachokitathmini hapa ni ushauri aliopewa juu ya jambo moja tu: apewe tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, au asipewe.

Daktari alianza kwa kukataa kujibu. Majibu ya patholojia tuliyokwenda nayo yalitaja ukubwa wa uvimbe, daraja lake (jinsi seli zake zinavyoonekana kuwa kali) na mitoki ya kwapani, ambayo ilikuwa salama, lakini hayakusema lolote kuhusu vipokezi vya homoni, vinavyoonyesha kama saratani inachochewa na homoni, wala HER2, protini inayoweza kuikuza saratani, naye akasema wazi kwamba bila hivyo ushauri wowote ungekuwa wa kubahatisha. Hospitali binafsi iliyomfanyia upasuaji, ambayo sitaitaja, ilikuwa imekwisha kumpangia dripu ya kwanza ya tibakemikali kwa karatasi hiyo hiyo, jambo ambalo hadi leo linanisikitisha.

Vipimo vilipokamilika, vipokezi vilionekana vipo na HER2 ikawa hasi. Hapo dada alielezwa, kwa utulivu na heshima, kwamba saratani ya aina hiyo hudhibitiwa hasa kwa vidonge vya kuzuia homoni, vinavyomezwa kwa miaka 5 au zaidi, na kwamba la kujiuliza ni tibakemikali itaongeza nini juu ya vidonge hivyo. Daktari alitaja utafiti wa TAILORx, uliochapishwa mwaka 2018: wanawake wenye saratani kama hiyo ambao kipimo cha jeni 21 za uvimbe, kinachokadiria hatari ya saratani kurudi, kiliwapa alama za kati, 11 hadi 25, hawakupata, kwa ujumla, nyongeza ya maana kutokana na tibakemikali, ingawa baadhi ya wenye miaka 50 au chini yake walinufaika. Kwa kuwa kipimo hicho ni ghali mno kwetu, alipima kwa alichonacho: udogo wa uvimbe, daraja lake, na umri wa dada, ambaye amekwisha kukoma hedhi. Madhara pia aliyataja bila kutisha wala kuficha, yaani kichefuchefu, kunyonyoka nywele, kushuka kwa kinga ya mwili na, kwa wachache, moyo kudhoofika.

Dada alichagua vidonge peke yake, na uamuzi ulikuwa wake.

Anayekusudia kwenda ahakikishe kwanza kwamba vipokezi na HER2 vimepimwa kutoka kwenye sampuli ya upasuaji, wala asikawie, kwa sababu tibakemikali ikihitajika haifai kucheleweshwa kupita miezi 3 baada ya upasuaji.