Umeme wa gesi Somanga: huu tunaoutumia na ule wa megawati 330 unaopangwa

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda ajue nimesimamia wapi: huduma ya umeme tuliyonayo sasa huku Somanga na vijiji vya jirani naipa nyota 2, mradi mkubwa wa gesi unaopangwa hapahapa kwetu naupa 3, na hiyo 3 inaweza kupanda mpaka 5 kwa kitu kimoja tu, kituo cha kupoza umeme, yaani cha kushusha nguvu yake ili uweze kuingia vijijini. Nitaeleza.

Kwa wasioijua Somanga, ni kijiji cha wavuvi na wakulima wilaya ya Kilwa, kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Lindi na Mtwara, ile sehemu ambayo kimbunga Hidaya Mei 2024 kilikata barabara watu wakakwama na magari yao. Bomba la kwanza la gesi kutoka kisiwa cha Songo Songo linatokea baharini huku kwetu, kilometa 25 chini ya maji halafu zaidi ya kilometa 200 nchi kavu mpaka Ubungo, Dar. Bomba kubwa la Mtwara, lile la inchi 36 lililozinduliwa Oktoba 2015, nalo linapita huku, na tawi lake la kutoka Songo Songo linaungana nalo hapahapa Somanga Fungu. Yaani ukitafuta kijiji Tanzania ambacho gesi inakipita kila upande ni sisi.

Sasa huduma yenyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kwenda Dar 2004, na sisi tunaoishi juu ya bomba tukasubiri miaka mingine kadhaa ndio kikaja kituo kidogo cha kufua umeme wa gesi cha megawati 7.5, kilichojengwa kuhudumia Kilwa na sehemu za Rufiji. Nakishukuru kile kituo, nasema kwa moyo mmoja, maana kabla yake ilikuwa jenereta na koroboi, na leo mtoto anasoma usiku na zahanati inaweka chanjo kwenye friji. Bei nayo siwezi kulalamika, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000 na mtu wa matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi uniti anainunua shilingi 100 kabla ya makato. Hapo nyota zote.

Tatizo ni kufika. Umeme unazalishwa karibu lakini unasafiri kwenye laini ndefu ya nguzo za miti inayopita kwenye mikorosho na mapori, upepo ukivuma kidogo tawi linagusa waya, kwisha habari, mnakaa giza mpaka mafundi watembee na laini nzima watafute ilipokatika. Na hata ukiwepo mara nyingi jioni unakuwa mdogo. Mi nauza barafu kwa wavuvi, nina friza mbili, na anayefanya hii biashara anajua ninachosema: saa moja jioni kila nyumba imewasha, friza inanguruma afu inazima, inanguruma tena inazima, kompresa haina nguvu ya kuanza. Asubuhi unatoa mfuko wa barafu kwa nje mgumu kama jiwe ukiubonyeza katikati unasikia maji yanatembea. Mvuvi mwenye pweza wa kupeleka Dar hanunui hiyo, anaubonyeza anaurudisha, na ana haki, pweza akilegea njiani mnunuzi anashusha bei au anakataa mzigo wote. Nimenunua stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, inasaidia kiasi, lakini stebilaiza haitengenezi umeme ambao haupo kwenye waya.

Ndio maana niliposikia watu wanafurahia megawati 330 nikaona tukae tuelewane, maana 330 ni mara 44 ya kile kituo tulichonacho na mtu anafikiri basi shida zimekwisha, umeme utamwagika kijijini. Hapana ndugu zangu. Umeme wa mtambo mkubwa namna hiyo unapandishwa hadi msongo wa kilovoti 400 kwenye minara mirefu ya chuma kwenda Kinyerezi, Dar, na kutoka huko unaingia gridi ya Taifa. Ule waya utapita juu ya shamba lako na huwezi kuutoboa kwa transfoma ya kijijini. Ili Somanga na Kilwa wapate lazima pawepo kituo cha kupoza umeme hapahapa, kishushe mpaka kilovoti 33, halafu laini mpya zenye nguzo imara ziende Nangurukuru, Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na vijiji vya ndani. Kikiwepo hicho, friza zangu hata ungeziongeza kumi hazitanguruma. Kisipokuwepo tutakuwa na mtambo wa megawati 330 dirishani na umeme mdogo jikoni.

Mfano uko jirani tu. Bwawa la Julius Nyerere lipo Rufiji, wilaya inayopakana na sisi, mashine tisa za megawati 235 jumla 2,115, umeme mwingi kuliko wowote nchi hii iliyowahi kuwa nao, na njia yake ya kilovoti 400 imeelekea Chalinze. Sisemi wamekosea, umeme wa Taifa lazima uingie gridi, nasema kuzalisha ni habari moja na kusambaza ni habari nyingine kabisa na wanaotuhutubia wanapenda kuongelea ya kwanza tu.

Kuna watu wanauliza kama tuna bwawa mtambo wa gesi wa nini tena. Mi naukubali mtambo, mvua zikigoma mabwawa yanashuka, tulionja mgao wa umeme 2022 na gesi ndio iliyobeba nchi. Na lile bomba kubwa limejengwa kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku, kwa miaka mingi limebeba sehemu ndogo ya hapo wakati mkopo wake unalipwa. Kuitumia gesi ni sawa. Ila naomba uwe mtambo unaotumia na mvuke, yaani joto linalotoka kwenye tabo ya gesi (ile mashine inayozunguka kufua umeme), na hilo joto ni zaidi ya nyuzi 500, linachemsha maji kuzungusha tabo ya pili badala ya kupotelea hewani. Gesi ileile inatoa umeme karibu nusu zaidi. Gesi ya Songo Songo sio ya milele, kuichoma nusunusu ni kuwaibia wajukuu.

Hapo kwenye mvuke ndio wavuvi wawe macho. Mvuke unahitaji kupozwa, na mtambo wa pwani rahisi yake ni kuvuta maji ya bahari na kuyarudisha ya moto. Huku tuna mikoko, kamba wanazalia humo na watoto wa samaki wanakulia humo, sasa maji ya moto yakimwagwa karibu na mikoko tutaumia taratibu bila kujua kimetupata nini. Zipo njia za kupoza kwa hewa, gharama ni kubwa kidogo lakini bahari inabaki salama. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari na inataka wananchi tusikilizwe, kwahiyo kwenye mkutano muulizeni mtaalamu swali moja, maji ya kupozea yanatoka wapi na yanarudi wapi yakiwa na joto gani, mpaka ajibu kwa namba.

Kuhusu fidia nitasema kifupi kwa sababu nina uchungu nayo. Mradi wa gesi Somanga Fungu sio wa juzi, umekuwa kwenye mipango zaidi ya miaka kumi, na mradi unaotajwa bila kujengwa unamgandisha mkulima, haoni faida ya kupanda mikorosho mipya wala kujenga maana hajui kesho. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kudai riba, na uthamini ukipita miaka miwili unakufa, unafanywa upya kwa bei mpya. Hiyo ishike kichwani. Mthamini akija hesabu naye mti kwa mti, mkorosho unaozaa na ule ambao bado mdogo haiwekwi kundi moja, chukua nakala ya fomu na picha kabla hujasaini.

Ajira msijidanganye sana, wakati wa ujenzi watu mamia, ukishawaka wanabaki makumi na wengi ni mafundi wa kusomea. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo Lindi na Mtwara, vijana wetu wapelekwe sasa hivi kabla tingatinga halijafika, sio siku ya uzinduzi. Ushuru wa huduma, ile asilimia ndogo ya mauzo, unaingia halmashauri, basi tudai usomewe kwenye mkutano wa kijiji umefanya nini, zahanati gani na kisima gani.

Tuliona Mtwara 2013, watu waliposema gesi haitoki, damu ikamwagika na bomba likajengwa vilevile. Walichokuwa wanadai ni kuonja kilicho chao na bado kinadaiwa. Sisi hatuhitaji kufika huko, tunahitaji kituo cha kupoza umeme kiandikwe kwenye mkataba wa mradi, sio ahadi ya jukwaani, na kiwashwe siku ileile mtambo unawashwa. Waliopo Madimba, kule Mtwara kwenye mtambo wa kusafisha gesi, au Kinyerezi kwenye mitambo ya umeme wa gesi, waliopitia haya tuambieni hapo chini, fidia mlilipwa kwa mkupuo au kidogokidogo, na umeme wenu jioni una nguvu kiasi gani?