Klampu mita ya DC kwenye Fuso iliyogoma kuwaka Kibaigwa

Habari zenu ndugu zangu, madereva na wenye magari. Niko Kibaigwa, karibu na soko la mahindi, na hii Fuso mnayoiona nyuma yangu imekaa siku mbili ikisubiri kupakia. Leo alfajiri dereva kapiga stata, ikalia “tik” mara moja, kimya. Utingo ameshatumwa kuulizia bei ya betri mpya. Nimemwomba mzee mwenye gari avute subira kidogo, maana ninacho hiki kifaa, nimekitumia miezi mitatu, na leo mtakiona kikiwa kazini.

Ni klampu mita. Ina waya mbili za kupimia volti, na huu mdomo unaofunguka kama koleo. Unaubana kwenye waya, unakuonyesha ampea zinazopita bila kukata kitu chochote. Ukienda dukani, angalia hapa kwenye swichi ya kuzungusha: pembeni ya herufi A uwepo mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake. Ukikuta kiwimbi peke yake, usilipe. Hiyo ni ya umeme wa nyumbani, kwenye betri haitakusaidia kupima ampea. Za bei poa nyingi ziko hivyo.

Haya, betri. Fuso hii ni ya volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Napima zote pamoja: 24.4. Hapa ndipo wengi tunapotea! Gari la 24, mita imesoma 24, basi betri nzima, fungua stata. Hapana jamani. Betri mbili zilizojaa na kupumzika husoma 25.2 kwenda juu. Pima moja moja. Hii ya kwanza, 12.7, imejaa. Ya pili, ngoja nisogeze kamera... 11.7. Imeisha. Na ile iliyojaa, nafungua kifuniko, mnaona? Maji yameshuka mpaka sahani za ndani ya betri ziko wazi. Moja ina njaa, mwenzake kalishwa mpaka anatapika.

Mchawi ni huyu hapa: waya mwembamba mwekundu, umetokea pale betri zinapoungana. Umefungwa kwa ajili ya redio na chaja ya simu, vitu vya volti 12, kwa hiyo unanyonya betri moja tu. Kila kitu kimezimwa. Nabonyeza kitufe cha sifuri, nabana waya huu peke yake: ampea 1.6. Kwa saa 48 hiyo ni karibu ampea-saa 77, na betri yenyewe ni ya 120! Alteneta, inayozichaji injini ikiwaka, haiwezi kuziweka sawa, kwa sababu mkondo ule ule unapita kwenye zote mbili. Iliyojaa inachemka, iliyoishiwa haijai. Na dizeli huwaka kwa kubana hewa mpaka ipate moto, stata lazima izunguke kwa nguvu.

Kwa hiyo mzee, betri mpya usinunue leo. Waya nimeuchomoa. Hii ya 11.7 inakwenda kuchajiwa peke yake, taratibu, usiku kucha. Ile nyingine tunaiongeza maji ya betri. Redio itafungiwa konveta ya kushusha 24 kuwa 12, ili inywe kwenye zote mbili. Betri ikigoma kushika chaji, badilisha zote, aina moja, siku moja. Usichanganye mpya na kuukuu.

Kasoro za kifaa ninazo. Mdomo ni mdogo, kebo nene ya stata inaingia kwa shida. Kioo hakisomeki kwenye jua hili la mchana, mpaka ukikinge kwa mkono. Na usiposahihisha sifuri kila mara, ampea ndogo zitakudanganya. Hata hivyo mwenye lori naomba awe nayo, iwekwe kwenye kabati la dashibodi.

Sasa ni asubuhi ya pili. Betri iliyolala kwenye chaja inasoma 12.6. Dereva, piga... Imewaka! Zote pamoja, 27.8. Moja moja: 14.0, na 13.8.