Nilitaka Linux ya kuchapia barua, fundi akanitilia joka

Mimi sina ugomvi na Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ngoja, ninao kidogo, lakini huo utakuja baadaye, kwanza nimalizane na fundi.

Kazi yangu ni kuchapa. Barua za maombi ya kazi, CV za vijana, minitsi za chama, risala za harusi, watu wa Langoni hapa Amu wananijua, unakuja na karatasi yako ya mkono unaondoka na iliyochapwa. Laptopu yangu ni kikongwe, ilikuwa na Windows 10, na tangu Microsoft walipoacha kuihudumia ile Oktoba 2025 nikawa naandamwa na ujumbe wa kuhamia Windows 11, nayo laptopu yenyewe haikubaliwi, ati haina chipu ya usalama inayotakiwa. Sasa nifanye nini, ninunue mpya kwa pesa za nani? Mtoto wa kaka yangu aliye Mombasa akaniambia kwa simu, shangazi tia Linux, ni bure, ila ziko aina nyingi, uombe ya mtu anayeanza.

Na ndivyo nilivyomwambia fundi, kwa maneno hayo hayo. Nataka Linux ya mtu anayeanza, ya kuchapia barua. Akaniambia usijali mama, nakutilia ile yenyewe. Elfu mbili akachukua. Mafaili yangu yote akayafuta bila kuuliza, nashukuru nilikuwa nimeyaweka kwenye flashi.

Nikafika nyumbani, nikawasha, wallahi nilishtuka. Joka! Joka la buluu kwenye skrini nyeusi. Jina la kuingilia "kali", paswadi "kali". Nikadhani ananitania, kumbe ndilo jina la Linux yenyewe, Kali, na kwa Kiswahili chetu hiyo ingetosha kumwonya mtu. Nafungua menyu natafuta pa kuandika barua, naona vifaa vya kuvunja paswadi, vifaa vya kushambulia waifai, mume wangu akachungulia akaniuliza kwani siku hizi umeanza kuibia benki?

Nikampigia fundi. Akasema fungua terminali, ile dirisha nyeusi, uandike sudo, neno la kuomba ruhusa ya mwenye mashine, na maneno fulani akanitajia, itajitilia programu ya kuchapia. Nikaandika. Ikaniuliza paswadi. Nabonyeza, hakitokei kitu. Hakuna herufi, hakuna hata nukta, kile kijimstari kinapepesa pale pale tu. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikapuliza kibodi, nikaipangusa na kitambaa, nikasema hii ni chumvi, manake hapa Amu hewa ya bahari inakula mpaka bawaba za milango sembuse vitufe vya plastiki. Nikajaribu tena nikijua kabisa ni k, a, l, i, hakuna. Basi ndio mashine imekufa.

Nikaitia kikapuni na chaja yake nikatoka na jua lile la saa saba, Usita wa Mui, njia kuu yetu, wenyewe punda wamejaa na mizigo ya mchanga huna pa kupita, nikafika kwake natokwa na jasho. Wamekaa vijana watatu pale dukani. Hakuniangalia, hakunipa hata kiti. Nikamweleza kibodi imekufa. Akabonyeza mara mbili tatu, ikakubali, akasema, "Mama, paswadi huwa haionekani. Hiyo ni Linux, si simu ya kabambe." Wakacheka wote. Halafu akaongeza, na hili ndilo lililonichoma, "Watu wa umri wako wangebaki na simu tu, na hii ni mambo ya Kizungu tupu."

Nikamwambia mwanangu, mimi nilikuwa nachapa kwa taipureta kabla mamako hajaolewa. Wakacheka zaidi. Nikachukua laptopu yangu nikaondoka, kwa hasira hata chaja nikaisahau mezani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa hilo la paswadi alikuwa kweli. Linux nyingi zinaficha, mtu akikuchungulia begani asijue hata urefu wa paswadi yako. Sawa. Lakini si angenieleza siku ya kwanza? Na kosa kubwa halikuwa hilo. Kali ni ya watu wa kupima usalama wa mitandao, wenyewe wameandika kwenye maelezo yao kwamba haimfai mtu mgeni wa Linux. Yaani hata kusoma hakusoma, aliona joka akapenda.

Mtoto wa kaka yangu akaja wakati wa Maulidi na flashi zake na chaja ya kuniazima, akanipangia ukoo wote wa hizo Linux kwenye karatasi. Debian ndiye babu, wa 1993. Ubuntu ni mwanawe, alitoka 2004, mwanzilishi wake Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ndilo utu wetu huu. Mint ni mtoto wa Ubuntu, wa 2006. Na Kali? Naye ni wa Debian, kwa hiyo huyo ni ami yake Mint. Nikasema basi nipe mtoto, ami nimeshamuona.

Tamu yake ni kwamba hulazimiki kuitia kwenye mashine kwanza. Unachomeka flashi, unawasha, unaizungukia vile vile ilivyo kwenye flashi, ukitoka hujaharibu kitu. Nilijaribu Ubuntu nusu siku, nzuri, lakini programu zimepangwa ubavuni na kwa kikongwe changu ilikuwa inapanda mlima. Mint ya Xfce, ile nyepesi, ikaenda. Menyu iko chini kushoto pale mkono wangu ulipozoea, LibreOffice, programu ya kuchapia, imo tayari, printa niliichomeka ikajitambua, na mimi ile CD yake nilikuwa nimeitafuta nyumba nzima.

Siku ile kijana ameshaitia kabisa akaniambia shangazi fungua terminali. Mkono ulinitetemeka. Nikaandika sudo, ikauliza paswadi, nikabonyeza, nyota ikatokea. Nikabonyeza tena, nyota ya pili. Mint inaonyesha nyota! Nilikaribia kulia, na baada ya hapo hasira zikarudi upya, manake kumbe iko inayomhurumia mtu.

Na hilo la Kizungu tupu, mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ninayochapia leo imetokana na hiyo hiyo OpenOffice. Huyo fundi nadhani alikuwa bado ananyonya.

Nilitaka kuipa Mint nyota tano. Lakini wiki iliyopita kijana kaniletea CV yake aliyoanza kwenye Word, ukurasa mmoja, kuifungua kwangu mistari miwili imeangukia wa pili na jedwali limepinda, fonti za kule, kwangu hazimo, imeweka za kufanana nazo, nikakaa naye mpaka magharibi naisukuma. Siku hiyo ningeipa mbili. Siku hizi kila kitu natoa kwa PDF, basi iwe nne. Nne na nusu stima isipopotea.

Chaja bado iko kwa yule fundi. Kesho baada ya alasiri namtuma mume wangu, mimi siendi, au niende mwenyewe na laptopu, sijaamua.