Silikoni ya kumwagia moldi, ya bati na ya platinamu: nimetumia zote mbili, hii hapa ripoti

Wadau wa sabuni na mishumaa hamjambo. Kila nikiposti ile sabuni ya mwani na karafuu yenye ua la mlango wa Zanzibar juu yake naulizwa moldi, yaani kalibu ya kuimwagia, nimenunua wapi, jamani sijanunua, nimemwaga mwenyewe kwa ile silikoni ya maji unayochanganya sehemu mbili, na kwa vile nimetumia aina zote mbili zilizopo sokoni, ya bati na ya platinamu, zinaitwa hivyo kwa metali inayoigandisha, na nimepoteza hela kwenye zote mbili ngoja niwape ripoti nzima msipite nilikopita mimi. Ni ndefu, weka chai.

Kwanza tuelewane, sio ile silikoni ya tyubu ya fundi dirisha inayonuka siki. Hiyo nayo nilianza nayo, nikaichanganya na wanga wa mahindi kama wanavyofanya kwenye video, ikaganda kweli, ila nzito kama ugali, haiingii kwenye nakshi ndogo, na ile harufu ya siki ni asidi ya siki yenyewe inatoka wakati inaganda, macho yanawasha chumba kizima. Kama unataka tofali la sabuni lisilo na urembo itakufaa. Basi.

Haya, ya bati. Nilinunua Kariakoo kilo moja, duka silitaji, ilikuwa imeshahamishiwa kwenye kopo la plastiki lisilo na lebo yoyote pamoja na kichupa kidogo wanachokiita dawa. Nikauliza hii ni aina gani, kijana akasema "silikoni ni silikoni tu dada". Kipimo akanipa cha mdomo, gramu tatu za dawa kwa kila gramu mia, "ukitaka iwahi ongeza kidogo". Na mimi nilivyo na haraka zangu nikaongeza, tena sio kidogo.

Nisiwadanganye, iliganda vizuri mno. Hii raba haichagui kitu. Nimemwagia juu ya ua lililochongwa kwenye mbao, juu ya plasta, juu ya udongo wa kuchezea wa watoto, kote kesho yake unabandua safi na kila mstari umetoka. Nilivyoona hivyo nikamwaga moldi sita kwa wiki moja nikajiona fundi.

Kumbe inasinyaa. Nilitengeneza kiboksi cha mbao cha kuibebea moldi isitanuke sabuni ikiingia, nikakipima na moldi mpya, wiki mbili baadaye moldi inacheza ndani ya boksi kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nikampigia mdogo wangu aliyesoma kemia chuo, yeye ndo profesa wangu wa bure. Akaniuliza siku ya kwanza ilinuka kama spiriti? Ndio ilinuka. Akasema hiyo ndo sababu. Raba ya aina hii ni minyororo mirefu ya polima, atomu ya silikoni (elementi yenyewe, sio raba) ikifuatiwa na oksijeni, silikoni, oksijeni, hivyo hivyo mamia ya mara, na kwenye ncha za minyororo kuna vishikio. Ukitia dawa, vishikio vinafungana kupitia kiungo cha katikati, na kila fundo likifungwa linatema alkoholi kidogo. Alkoholi inapaa hewani, na kitu kikitokwa na sehemu ya mwili wake lazima kipungue. Hamna ujanja.

Na kinachofanya vifungane haraka ni kile kichupa. Ndani kuna bati, sio la kuezekea jamani, ni atomu ya bati imeshikana moja kwa moja na mikia miwili ya kaboni nne nne, wanaita dibutiltini. Metali ikishikana hivyo na kaboni ndo inaitwa oganometali, na mdogo wangu hapo akapanda mzuka akaongea dakika arobaini, vocha ilikuwa ya kwangu. Lakini kuna jambo moja alilosema lilinigusa: bati likishamaliza kazi haliondoki. Linabaki humo humo kwenye moldi, na lile lililosaidia kufunga mafundo, ukilipa joto na unyevunyevu na muda, linasaidia kuyafungua pia. Sasa fikiria hali ya hewa ya Dar, halafu fikiria na ile dawa niliyozidisha. Mwaka na nusu haujaisha moldi zangu za kwanza zikaanza kukatika pembeni kama mkate wa juzi. Zile nilizomwaga baadaye kwa kipimo sahihi kwa mizani bado zinajikokota.

Jambo la mwisho la bati ndo lililonihamisha kabisa. Hizi dibutiltini zimewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, na Umoja wa Ulaya tangu 2012 umeweka kikomo kwenye bidhaa za watu wa kawaida, bati lake lisizidi asilimia 0.1 ya uzito. Sisemi moldi ikishaganda inakumwagia sumu kwenye sabuni, sisemi hivyo. Nasema tu sabuni ya kuchanganyia magadi moto inalala humo saa 24 ikiwa kali vile, halafu mtu anampaka mwanawe. Mi roho ilikataa.

Ndo nikaenda ya platinamu. Hii niliagiza China kupitia wakala wa mizigo, makopo mawili A na B, unachanganya nusu kwa nusu, haina harufu hata chembe, na bei ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Kariakoo, bado mzigo. Hapa mafundo yanafungwa kwa njia nyingine: mnyororo mmoja una silikoni yenye haidrojeni, mwingine una kaboni mbili zenye mkono wa ziada, platinamu inazikutanisha zinaungana, na hakuna kinachotemwa. Kilichoingia kwenye kikombe ndo kilichobaki kwenye moldi. Ile yangu ya kwanza nimeipima juzi kwa rula na boksi lake, inakaa kama siku ya kwanza.

Mnajua kinachonishangaza ni uchache wa hiyo platinamu. Kwenye kilo nzima ni miligramu kama kumi hivi, ukiikusanya haifiki ukubwa wa punje ya ulezi. Na hivi platinamu nyingi ya dunia inachimbwa hapo chini tu Afrika Kusini, inaenda mbali huko ndo inaturudia kwenye makopo haya.

Hapa nichepuke kidogo maana stori yenyewe tamu. Mtu wa kwanza kuzifanyia hizi silikoni kazi ya maana ni Frederic Kipping, chuo cha Nottingham Uingereza, alikuwa anatumia dawa za Grignard, yule Mfaransa aliyeshikanisha magnesiamu na kaboni akapewa Nobeli 1912. Kipping kila mara anatafuta fuwele nzuri za kupima, anapata ute na gundi anachukia. Alifanya hiyo kazi miaka kama arobaini na bado miaka ya 1930 akiwa mzee alikuwa haoni kama zina faida kubwa ya kutumika. Ute ule ule! Halafu 1940 Eugene Rochow wa General Electric huko Schenectady Marekani akapitisha gesi ya kloridi ya methili juu ya unga wa silikoni na shaba kwenye moto akapata malighafi bila hata kuhitaji magnesiamu, na Mjerumani Richard Müller akafika pale pale karibu wakati huo huo bila wao kujuana. Mpaka leo viwanda vinaanzia hapo. Hii ya platinamu ikaja baadaye, John Speier wa Dow Corning miaka ya 1950, halafu Bruce Karstedt akaiboresha, patenti yake ni ya 1973, na hiyo ya Karstedt, platinamu iliyokumbatiwa na mikono ya kaboni, ndo imo kwenye makopo mengi ya sasa. Kwa hiyo ukimwaga moldi ya sabuni hapo uani kwako, kuna karne nzima ya watu kubishana na metali humo ndani. Haya turudi.

Msiba wangu wa platinamu. Siku ya kwanza nimejipanga, nimenunua glavu za mpira famasi ili niwe msafi, nimechukua kijiti changu kile kile nilichokuwa nakorogea ya bati (nilikifuta vizuri!), nikachanganya nusu kilo, nikamwaga juu ya ua nililofinyanga upya kwa udongo wa kuchezea. Kesho yake haijaganda. Keshokutwa haijaganda. Siku ya tatu juu imekuwa raba na kule kulikogusa ua ni ute wa kamasi, unashika kila kitu. Nililia nusu kilo yangu jamani. Nikapiga simu, mdogo wangu hata hajamaliza kusikiliza akasema "Dada, hiyo umeshaiua."

Kumbe hii platinamu ni nyeti kuliko mkwe. Ikikutana na salfa, kile kiberiti, inashikana nacho na kazi inaacha. Mpira wa glavu umeivishwa kwa salfa, ndo njia ya Goodyear ya tangu 1839. Udongo wa kufinyangia baadhi yake una salfa. Bati lenyewe nalo linaizuia, kwa hiyo kijiti changu cha zamani nacho mshitakiwa. Na kwa vile platinamu ni chembe vile, hauhitaji uchafu mwingi kuimaliza yote pale unapogusa.

Nikasema sasa nani muuaji kati ya hawa watatu? Nikachukua vikombe vinne vya kahawa vya plastiki, kila kimoja nikatia gramu kumi kutoka mchanganyiko mmoja. Cha kwanza sikutia kitu. Cha pili kipande cha glavu. Cha tatu nikakoroga kwa kile kijiti. Cha nne donge la udongo. Jioni cha kwanza kimeganda kinadunda. Cha pili kimeganda kote isipokuwa pale kinapogusa glavu, kuna ute unene wa karatasi mbili tatu. Cha tatu kilichelewa mpaka kesho yake na bado kilikuwa kinanata kidogo. Cha nne, udongo, ndo jambazi mkuu, nusu kikombe uji. Kwa hiyo wote walikuwa na hatia ila sio sawasawa. Siku hizi navaa glavu za naitrili, vijiti vipya, na mbao naipaka vanishi naiacha ikauke siku kadhaa, na kabla sijamwaga kitu kipya lazima nidondoshe tone pembeni nisubiri. Gramu tano zinakuokolea nusu kilo. Na ikishakuwa ute usiisubiri, haitaganda, kwangua ufute kwa mafuta ya taa uanze upya.

Kitu kingine ambacho hamna aliyeniambia ni joto. Kopo limeandikwa una dakika 40 za kuchezea, ila kwa chini kwa maandishi madogo ni kwa nyuzi 23. Nyuzi 23 hapa Mbagala? Mwezi wa pili chumba changu kina 33, na kikawaida kila nyuzi kumi zikipanda kemikali hizi zinakimbia karibu mara mbili, kwa hiyo dakika 20 nilikuwa nishaona inavutika kama jibini ya piza na bado nina kikombe kizima mkononi. Dawa yake naweka makopo kwenye friji saa moja kabla, nafuta majimaji ya nje vizuri, nachanganya asubuhi. Inakuwa nzito kidogo na mapovu yanachelewa kutoka, mashine ya kuvuta hewa sina, namwaga kutoka juu kwa uzi mwembamba kwenye kona moja iende yenyewe. Mapovu mawili matatu yanabaki, sio mwisho wa dunia.

Na ugumu, angalia namba kabla hujalipa. Nilinunua ya namba 15 nikadhani laini ndo nzuri, kwa nakshi ni tamu inabanduka kama ganda la ndizi, lakini ukijaza kilo mbili za sabuni ukuta unatanuka tumbo, tofali linatoka kama mjamzito. Kwa tofali chukua 25 au 30. Kwa mishumaa midogo 15 poa. Ukimwaga silikoni juu ya silikoni kwa moldi ya pande mbili paka vaselini katikati, la sivyo unapata jiwe moja la raba, msiniulize nimejuaje.

Nyota: ya platinamu naipa nne na nusu, nusu nimekata kwa bei na kwa madeko yake. Ya bati ikiwa na lebo na kipimo kilichoandikwa, tatu na nusu kwa kazi za plasta na simenti, huko hata kusinyaa hakuna anayejali na haikusumbui kwa chochote. Ile ya kopo lisilo na lebo moja tu, na hiyo moja ni kwa sababu iliganda. Ukiuliza muuzaji hii ni ya bati au ya platinamu akakujibu silikoni ni silikoni tu, rudisha kopo juu ya meza taratibu uondoke.

Zile moldi zangu za kwanza zilizoanza kukatika alizichukua jirani, anamwagia simenti anatengeneza vyungu vya maua na pembe zimemeguka hivyo hivyo, anasema wateja wanadhani ndo staili.