Kliniki ya sukari: daktari mpya hakutaka hata kufungua daftari langu

Niseme mapema ili nisionekane nimekuja kuponda tu: kliniki yenyewe si mbaya. Ni safi, foleni inasogea, majibu ya maabara yanatoka siku hiyohiyo, na manesi wa pale mbele wanaopima presha na uzito wana lugha nzuri sana. Miaka yote niliyotibiwa pale sikuwahi kulalamika. Sasa daktari wangu wa siku zote kastaafu, na tangu aondoke kila ukienda unakutana na sura mpya, na kuna mmoja kati ya hao wapya ndo kanifanya nikae chini niandike haya maana nikiendelea kukaa nayo moyoni nitapasuka.

Mi nina kisukari aina ya kwanza. Nachoma insulini ya muda mrefu mara moja usiku, halafu ile ya haraka kabla ya kila mlo, dozi inategemea wanga uliopo kwenye chakula na sukari yangu imesoma ngapi wakati huo. Ni kazi, sikatai, unahesabu asubuhi unahesabu mchana unahesabu usiku, lakini ndo mtindo ulionirudishia maisha. Nikichelewa kula silazimiki kukimbizana na sindano niliyoichoma alfajiri, na nikiwa sina hamu ya kula basi ile ya haraka siichomi, yamekwisha. Na kila kitu naandika. Nina daftari gumu nimelipiga safu kwa rula, saa, sukari, nilichokula, uniti nilizochoma, na pembeni kabisa maelezo kama nilikuwa na mafua au nilitembea sana au sikulala vizuri. Sukari ikisoma chini ya 4 (mashine yangu inasoma milimoli), yaani imeshuka mno, naizungushia duara kwa peni nyekundu. Daktari wangu wa zamani alikuwa akiniona tu mlangoni ananyoosha mkono, "lete daftari", kabla hata sijakaa.

Siku hiyo naingia namkuta bwana mmoja wa makamo, macho yote kwenye kompyuta. Nikasalimia akaitikia bila kugeuka. Nikaweka daftari mezani, nikamfungulia kabisa ukurasa wa wiki ile. Akalisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayesogeza kikombe kinachomzuia kuandika, akasema namba ninayoitaka mimi ipo hapa. Alikuwa anaangalia HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari, ilikuwa asilimia 7.1. Akasema nzuri, ila unajichoma mara nyingi mno bila sababu, tunakuhamishia kwenye insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni basi, mambo yakienda vizuri tunapunguza taratibu mpaka ubaki na vidonge.

Vidonge! Nikamwambia samahani dokta, mimi ni aina ya kwanza. Akaniuliza ulianza ukiwa na umri gani, nikamwambia 31. Akatabasamu, akasema, "Mama, aina ya kwanza ni ya watoto. Wewe ni ya pili."

Jamani. Aina ya kwanza inampata mtu umri wowote. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na kinga haiulizi mtu ana miaka mingapi. Kwa watu wazima inaweza kwenda polepole, ndo maana wengine wanaambiwa mwanzoni ni aina ya pili na wanapewa vidonge, vinashindwa, wanazidi kukonda na hakuna anayejua kwa nini. Na vipimo vya kutofautisha vipo, kuna cha kingamwili kama zile za GAD, zinazoonyesha kinga inashambulia kongosho, na kuna C-peptide inayoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani. Vyote nilishapimwa zamani na majibu yamo ndani ya faili lilelile lililokuwa limelala mbele yake. Kazi ilikuwa kufunua tu. Maana mtu wa aina ya kwanza ukimwachisha insulini anaingia kwenye ketoasidosisi, damu inajaa asidi, na hiyo inaua kwa siku chache, hata usidhani una miezi ya kujaribu-jaribu. Insulini ya kwanza kuchomwa mgonjwa wa sukari ilikuwa mwaka 1922 kule Toronto, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson, na kabla ya hapo watu wa aina yangu walikuwa wanakufa tu. Halafu mtu msomi ananiambia "mpaka ubaki na vidonge", tena kwa sauti ya kunipa habari njema.

Nikamwambia dokta majibu ya vipimo yamo humo kwenye faili, ukifunua nyuma kidogo utayaona. Ndo hapo akageuka kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Mama, hapa daktari ni nani?"

Nilinyamaza. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia chini. Nimesomeshwa na huu ugonjwa miaka mingi, nimeshachoma sindano nikiwa na homa, nikiwa safarini, nikiwa na ujauzito, lakini lile swali lilinifanya nijione mtoto aliyekamatwa anadanganya. Akaandika uniti 28 asubuhi na 14 jioni, theluthi mbili kwa theluthi moja, akanipa karatasi. Pale dirishani wanatoa kilichoandikwa tu, ile yangu ya zamani haimo kwenye karatasi kwa hiyo hakuna, na nyumbani nilikuwa nimebakiwa na insulini isiyofika hata wiki.

Sasa kwa wasiojua hii ya mchanganyiko, sisemi ni mbaya, kuna watu wengi inawafaa kabisa na wanaishi nayo vizuri, hasa wenye ratiba isiyobadilika. Ndani yake asilimia 70 ni ya muda wa kati na 30 ni ya muda mfupi. Ile ya muda wa kati ina kilele, inapanda nguvu kuanzia kama masaa manne baada ya kuchoma na inaweza kuendelea hivyo kwa masaa mengi. Kwa hiyo ukichoma saa moja jioni, usiku wa manane wakati tumbo halina kitu na wewe umelala ndo yenyewe inafanya kazi kwa nguvu zote. Ile ya muda mrefu niliyoizoea haina kilele cha namna hiyo, inakwenda bapa usiku kucha. Na daftari langu, lile lile lililosukumwa pembeni, lilikuwa linaonyesha wazi kwamba usiku mwili wangu hauhitaji insulini nyingi. Kuna duara jekundu moja la saa tisa usiku, la kipindi nilipopunguza dozi na yule daktari wangu mzee aliyestaafu, na maelezo yapo pembeni, "imepunguzwa 2". Sekunde kumi tu za kusoma.

Na hiyo HbA1c aliyoing'ang'ania ni wastani wa kama miezi miwili mitatu. Wastani unaficha. Mtu anayekaa kwenye 8 kutwa nzima na mtu anayepanda 14 halafu anaporomoka mpaka 3 wanaweza kutoka na majibu yanayokaribiana, na wa pili ndo yuko hatarini zaidi. Haikwambii lini, haikwambii saa ngapi, haikwambii mtu ameamka ameloa jasho mara ngapi. Hayo yamo kwenye daftari.

Basi siku chache tu baada ya kuanza hiyo dawa yake, saa nane usiku nikaamka shuka limeloa. Midomo inacheza, moyo unakimbia, njaa ya ajabu. Nikawasha taa ya simu nikachukua mashine, lakini vidole vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba kile kistripu hakiingii kwenye kitundu, nakilenga hakiingii, kikaanguka, nikachukua kingine. Mume wangu ndo akanishika kiganja akakiingiza. 2.7. Kwa mashine zinazosoma miligramu hiyo ni kama 49. Akaenda kukoroga maji na sukari vijiko vya chai vinne, anakuja nasikia kijiko kinagonga glasi na sielewi ni sauti ya nini, namuuliza nani anagonga. Nikanywa, meno yanapiga kwenye glasi. Tukasubiri dakika 15 tukapima tena, 3.4, nikanywa tena, ikaja 5.2, nikala kitu kidogo ili isirudi chini. Hatukulala tena. Mwanaume mzima alikaa kitandani ananiangalia mpaka kunapambazuka, na mimi nawaza je angekuwa hayupo.

Kulipokucha nikapiga simu mapokezi. Dada akaniambia tarehe yako bado, subiri tarehe yako.

Mwanzo nimesema kliniki si mbaya, eti? Nafuta. Mahali ambapo mtu anayetumia insulini anasema sukari imeshuka 2.7 usiku na anaambiwa asubiri tarehe, hapo ni pabaya, hata wapake rangi mpya kila mwezi.

Nilienda hivyohivyo bila tarehe. Na hapa haki itendeke. Yule nesi aliyekuwa mlangoni siku ile akaniona kwenye benchi, hakuniuliza kitu, akaja akachukua daftari langu mkononi akaingia nalo chumba kingine. Baada ya muda nikaitwa. Daktari msichana mdogo tu, naweza kumzaa, "shikamoo mama", na daftari lipo mbele yake limeshafunguliwa. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye safu ya usiku. Akaniuliza, "Haya maduara mekundu ndo zilizoshuka?" Jamani nililia. Nililia pale kwenye kiti kama nimefiwa, yeye akasogeza kiti chake akasubiri.

Halafu akafanya kitu ambacho miaka yote hiyo hata mzee wangu wa zamani hakuwahi kukifanya. Akaniomba nilale kitandani akanipapasa tumbo pale ninapochoma, polepole kwa ncha za vidole, akapata uvimbe laini upande wa kushoto chini ya kitovu, na mwingine. Akanishikisha na mimi, kweli, kama kijipande cha sponji chini ya ngozi. Akaeleza kwamba ukichoma sehemu moja muda mrefu mafuta yanavimba, na insulini ikichomwa pale haifyonzwi sawasawa, leo inachelewa kesho inakuja yote kwa pamoja, ndo maana kuna siku namba zangu zilikuwa hazina maelezo. Akasema nisichome tena pale, nihamie sehemu nzima ngozi iliyo nzuri, na kwa sababu huko itafyonzwa vizuri zaidi tunaanza na dozi pungufu halafu tunapanda tukiangalia vipimo. Akafunua faili, akapata majibu ya kingamwili na C-peptide, wala hakutafuta sana, akayatoa akayabana mbele kabisa. Akanirudishia insulini zangu, ile ya muda mrefu akaipunguza kidogo, akaandika namba ya simu ya kliniki ya kupiga kama ikishuka tena, na akaniambia nani hasa wa kumuulizia.

Kwa huyo binti ningewapa alama zote na nyingine juu. Wiki zilizofuata namba zangu za usiku zilikuwa 6, 7, 6, na sikuchora duara hata moja. Nilishaanza kusema basi nimsamehe yule bwana, labda alikuwa na foleni ndefu nje, labda alichoka, nayajua mazingira wanayofanyia kazi, siwezi kusema hawana mzigo.

Nikarudi kwa tarehe yangu. Binti kahamishwa. Kwenye kiti kakaa nani? Yuleyule. Akafungua kompyuta, akasoma kidogo, akasema, "Kumbe wewe ndo uliyebadilishiwa dawa nilizokuandikia." Hakuuliza kwa nini zilibadilishwa. Hakuuliza ile usiku ilikuwaje. Karatasi ya majibu imebanwa mbele ya faili kabisa, haiwezekani usiione, akaipita akaenda kwenye HbA1c. Safari hii sikunyamaza. Nikamwambia dokta, kwa heshima yote, hiyo karatasi ya juu naomba uisome kabla hujaandika chochote, na dawa sibadilishi mpaka unieleze sababu. Akaisoma. Kimya. Akaandika dawa zilezile, akasaini, akaita mgonjwa anayefuata. Pole hakuna, nilikosea hakuna. Daftari nilikuwa nimelishika mkononi muda wote, sikuliweka mezani.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia msiende pale, maana nesi yule bado yupo na huenda mkamkuta binti kama yule. Ila mimi kwa yule bwana sikanyagi tena, na kama unatumia insulini na ulianza ukubwani, hakikisha majibu ya vipimo vya aina yako unayo nakala mwenyewe, uwe nayo mkobani, usitegemee faili. Na kama kuna anayejua kliniki ambako unaonana na daktari yuleyule kila mara na anasoma daftari, aniandikie. Nitasafiri hata kama ni mbali.