Nyumba ya Shela: tulikaa juu ya maji, tukakoga kwa kopo

Naanza na lile neno, maana hadi leo nikifungua mfereji jikoni hunirudia. "Nyinyi mwatumia maji kama mko kwenu Mombasa." Ndivyo alivyoniambia kwenye simu msimamizi wa nyumba tuliyokodi Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, saa za magharibi, nami nimesimama bafuni na mtoto wa miaka minne, kichwa kizima povu, macho kayafumba, analia kuwa yamwasha.

Kama niko kwetu Mombasa! Mimi niliyekua nikisubiri mkokoteni wa mitungi, niliyejua kukoga kwa nusu ndoo kabla sijajua kuandika jina langu! Mtu wa Mombasa mtukane kwa mengine yote, lakini si kwa kuchezea maji.

Ilikuwa likizo ya Agosti, juma la pili au la tatu, sikumbuki. Tulitaka mahali watoto wakimbie bila kuogopa gari, na Shela gari hakuna, hilo halina ubishi. Safari siielezi. Aliyewahi kupanda basi na watoto wadogo kutoka Mombasa hadi Mokowe, penye boti za kuvukia Lamu, anajua, na asiyejua Mungu amsitiri. Kwenye boti nahodha alipopata habari kuwa tumetoka Mvita alicheka sana. Akatuambia wazee wetu walikuja Shela na jeshi la Pate kuipiga Lamu, maji yakapwa, vyombo vikakwama mchangani, wakamalizwa hapo hapo. Vita hivyo vina zaidi ya miaka 200, yeye avisimulia kama vya Ijumaa iliyopita. Nikacheka nami. Kumbe zamu yangu ya kukwama ilikuwa njiani.

Nyumba yenyewe picha hazikuisingizia. Kuta nyeupe, boriti, makuti juu, na upepo wa kusi unapita humo hadi huhitaji feni. Siku ya kwanza sina neno. Upande wa bahari kuu mawimbi yalikuwa makali, kwa hiyo watoto tuliwaweka upande wa mkondo unaotazama kisiwa cha Manda, baba yao kaketi majini kama askari wa zamu. Mchanga uliwaingia hadi ndani ya masikio.

Siku ya pili ndiyo pampu ikafa. Nyumba hiyo ina kisima chake, na pampu ndiyo ipandishayo maji kwenye tangi huko juu. Ikanguruma, ikakohoa kama mzee wa tumbaku, ikanyamaza, na mwanangu ana sabuni. Nikapiga simu, nikajibiwa lile neno. Halafu: "Fundi yuko njiani." Njia gani hiyo? Shela yote waimaliza kwa miguu chai haijapoa! Asubuhi nikaambiwa fundi yuko Lamu mjini. Mchana, eti angoja maji yajae apate boti. Kutoka mjini hadi Shela watu hutembea ufukweni kila siku, haifiki hata saa moja. Jioni simu haikushikwa tena.

Na hili ndilo linichomalo zaidi. Vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela ndivyo vinavyoshika mvua na kuiweka chini, na mji wa Lamu wanywa kutoka visima vya huko. Yaani tulikuwa tumelikalia birika lenyewe, koo kavu. Usinambie kisiwa hakina maji. Palikuwa na mota moja mbovu na mdomo mmoja mbovu zaidi.

Aliyetuokoa ni bibi wa mlango wa pili. Alisikia kilio usiku ule, akaja na leso kichwani, hakuuliza sisi ni nani. "Ndooni mteke mai, wanangu." Kiamu hicho, maana yake njooni mteke maji. Lakini mwanangu mwenye povu alisikia ndoo tu. Akashika ndoo yake ya kuchezea mchanga, akaingiza mguu mmoja, akatutazama atusikilize kinachofuata. Bibi alicheka hadi akaketi barazani.

Tangu hapo watoto hawakuwa wangu tena. Asubuhi kwa bibi, jioni kwa bibi, kila mmoja na kindoo chake, kuteka kwa dumu lililofungwa kamba, nusu ya maji yamwagika njiani na hakuna aliyemgombeza mtu. Mjukuu wake akaleta punda wa kubeba mitungi yetu, na kifungua mimba wangu, ambaye nyumbani kumwondoa kwenye simu ni vita, akawa mchunga punda. Simu hakuiulizia hata mara moja. Siku moja bibi akatuletea mahamri na mbaazi bila kuombwa. Mimi nikawa naosha nguo uani kwake na kupewa habari za mtaa mzima, na nakiri sijapumzika vile tangu niolewe.

Kwa hiyo nyota moja niliyokuwa nimeipa nyumba ile mtandaoni nikaifuta, nikaweka nne. Nikasema, mama, usiwe na kinyongo, pampu huharibika popote.

Kisha zikaja pesa za amana. Zimekatwa. Kwa nini? "Shuka zimekutwa na mchanga." Shela! Mchanga! Mahali ambapo mchanga hata ndani ya sukari umo! Na kwa watu walionyimwa maji ya kujiosha! Nimerudisha nyota moja, na hiyo ni ya makuti.

Kitinda mimba hadi sasa hataki mfereji wa juu. Lazima nimwekee beseni, nisimame mlangoni, niseme "ndooni", ndipo aingie. Na baba yao, nimemkuta jana akiulizia bei za Desemba, kaskazi ikivuma na bahari imetulia. Nyumba nyingine? La, ile ile, kwa sababu watoto wamtaka bibi wao. Sikukataa. Nimemwambia tu simu ya msimamizi ataipiga yeye, na sabuni kichwani ataanza kupaka yeye.