Mpira wa mezani wa ukucha: uzoefu wangu na vijana wa Kamalondo

Seti ninayoieleza ni ya mpira unaochezwa mezani kwa ukucha, ule ambao wengi wanaujua kwa jina la Subbuteo. Sandukuni mna timu mbili za wachezaji wadogo, kila mmoja juu ya kitako chenye tumbo la duara, ndiyo maana akiguswa anateleza na kuyumba bila kuanguka. Magolikipa wamefungwa kwenye fimbo. Kuna magoli mawili, mipira ya milimita 22 na kiwanja cha kitambaa. Nimeitumia hapa Lubumbashi, mtaani Kamalondo, na vijana wa miaka minane hadi kumi na tano. Ni seti nzuri, ila usimwite mtoto mezani kabla hujatengeneza kiwanja.

Kitambaa hutoka sandukuni kimekunjika. Mpira hufuata mkunjo, mchezaji hukwama, na mtoto huona kosa ni la mkono wake, hapo umempoteza. Kipige pasi upande wa nyuma kwa moto mdogo. Kwa pasi ya makaa tandika kwanza kitambaa cha pamba juu yake, maana joto lake halina kipimo. Kisha kitandaze juu ya ubao wa tripleksi (plywood) wa sentimita 140 kwa 100, kivute kutoka katikati kwenda pembeni, ukibane kwa chini. Weka mpira katikati: ukibingirika wenyewe, ongeza karatasi chini ya mguu mmoja wa meza mpaka utulie.

Kiangazi hapa kina vumbi jekundu, nalo ndilo adui wa vitako. Mchezaji aliyekuwa akiteleza shubiri mbili anaanza kukwama nusu ya njia. Osha vitako kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikaushe kabisa, halafu visugue kwa kitambaa laini mpaka ving'ae. Miguu huvunjika kwenye vifundo, na mara nyingi si katika mchezo bali mtu anapoegemeza kiwiko. Weka tone la gundi ya haraka kwa ncha ya pini, uache usiku mzima. Gundi ikizidi hushuka kitakoni, na mchezaji huyo atakwenda upande siku zote.

Upigaji wenyewe unahitaji subira. Unatumia ukucha wa kidole cha shahada au cha kati, kidole kikianzia chini kwenye kitambaa. Hakibanwi na kidole gumba, wala hakimsukumi mchezaji. Watoto waliozoea mpira wa vifuniko vya soda hubana kwa gumba, nguvu inazidi, mchezaji anaruka nje ya meza. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: weka mpira sentimita kumi mbele ya mchezaji, mwambie mtoto auguse bila kuupitisha shubiri moja. Akifaulu mara tano, yuko tayari.

Sheria zije baadaye, na zije chache. Unaendelea kucheza maadamu mchezaji wako anaugusa mpira na mpira haukumgusa mpinzani. Mchezaji mmoja haugusi zaidi ya mara tatu mfululizo. Kupiga golini, mpira uwe umeshavuka mstari wa kupigia, ule unaokata kiwanja kati ya mstari wa katikati na goli, na useme kwanza ili mwenzako ashike fimbo ya golikipa. Kwa wiki ya kwanza hayo yanatosha. Mlinzi kusogeza mtu mmoja kila baada ya pigo la mshambuliaji, pamoja na kuotea, viache kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyoleta ugomvi. Watu wazima hucheza vipindi viwili vya dakika 15. Kwa watoto dakika saba zinatosha, na watano kwa watano.

Kinachowavuta hasa ni jezi. Paka timu moja nyeusi na nyeupe ya Mazembe, nyingine bluu na njano ya Lupopo, klabu mbili za hapa Lubumbashi, rangi nyembamba mara mbili kuliko nzito mara moja. Halafu wape mechi wanayoijua: nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, 2010, Mazembe na Internacional ya Brazil. Mwenye weusi na weupe ana robo saa ya kupata mabao mawili bila kufungwa, kama Kabangu na Kaluyituka walivyofanya. Bao likiingia, mtoto anamrusharusha golikipa juu ya fimbo kama Kidiaba, golikipa wa Mazembe, alivyokuwa akiruka kwa makalio, na wale waliokuwa mlangoni wanasogea mezani.

Wakizidi, timu hazitoshi, na hapa historia ya mchezo wenyewe inasaidia. Peter Adolph alipoanza kuuza Subbuteo Uingereza mwaka 1947, wachezaji walikuwa wa karatasi ngumu juu ya vitako, na kiwanja mnunuzi alikichora mwenyewe kwa chaki juu ya blanketi. Nasi tunaweza: kifungo kikubwa cha koti, rondela ya bolti (kile kipete bapa cha chuma) iliyogundishwa juu yake kuongeza uzito, na mchezaji wa karatasi ngumu wa sentimita nne. Ifunike karatasi kwa utepe wa plastiki pande zote mbili kabla ya kuikata, la sivyo jasho la vidole litailegeza ndani ya siku tatu. Rondela ikae katikati kabisa. Ikienda pembeni hata milimita mbili, mchezaji huinama na kulala.